Bustani Nzuri Itazame Maua Yakiwa Yameisha

Mgeni akiingia kwenye bustani nzuri, macho hukimbilia maua. Hana kosa, maua yamewekwa pale yatazamwe. Ila waridi lililochanua leo, baada ya siku chache petali zake zinadondoka, na vichaka vingi vya maua hupumzika sehemu kubwa ya mwaka. Bustani inayopendeza hata kipindi hicho imebebwa na mambo mengine: mstari wa njia, kimo cha miti, umbo la majani, mahali kivuli kinapoangukia, ukingo unaotenganisha nyasi na mawe. Mimi hayo ndiyo ninayoyatafuta kwanza, maua nayaacha yaje baadaye.

Kuna kipimo rahisi ambacho yeyote mwenye simu anaweza kukitumia. Piga picha ukiwa umesimama mlangoni, kisha iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kama bado unaona wazi kilicho mbele na kilicho nyuma, kilicho kirefu na kilicho kifupi, penye giza na penye mwanga, basi bustani hiyo ina mifupa. Picha ikigeuka kuwa doa moja la kijivu, jua kwamba rangi za maua ndizo zilizokuwa zikibeba kila kitu, na zikiondoka hakuna kitakachobaki.

Bustani ya Sissinghurst, kule Kent nchini Uingereza, inaonyesha jambo hili vizuri sana. Mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson waliipata mwaka 1930 ikiwa magofu na magugu. Nicolson alichora mistari: njia ndefu zilizonyooka, kuta, na uzio wa mimea iliyokatwa wima, mpaka eneo likagawanyika kuwa kama vyumba visivyo na paa. Sackville-West akavijaza mimea kwa wingi hadi ikamwagikia njiani. Watu husafiri kutoka mbali kuiona Bustani Nyeupe, chumba kimojawapo kilichojaa maua meupe, lakini weupe ule una nguvu kwa sababu umezungushiwa kuta na kijani kizito. Ungeutandaza kwenye uwanja wazi ungepotea.

Basi tuanze na njia, maana ndiyo inayomwongoza mtu aone nini na kwa mpangilio gani. Njia kuu ikiwa na upana wa sentimita 120, watu wawili wanapita bega kwa bega. Ikifika 150 wanatembea huku wakiongea bila kubanana. Chini ya 90 mmoja lazima atangulie, na hilo linafaa kwa kinjia cha pembeni tu. Ukipima, kumbuka mimea: kichaka cha ukingoni kinaweza kumeza sentimita 20 au 30 kila upande. Njia nyingi zinazoonekana nyembamba zilichorwa kwa upana sahihi, ila mpimaji aliisahau mimea.

Njia ikipinda, iwe na sababu ya kupinda. Ndani ya kona panda kichaka, weka jiwe kubwa au mti, kitu ambacho mguu hauwezi kukikatiza. Kona isiyo na kizuizi watu wataikata, na baada ya muda mfupi utaona mstari wa udongo uliokanyagwa katikati ya nyasi. Kona nzuri pia huficha kidogo kinachofuata, ndiyo maana bustani ndogo yenye kona moja iliyopangwa vizuri huonekana kubwa kuliko ilivyo. Wajenzi wa bustani ya mawe ya Ryoan-ji, hekalu lililoko Kyoto nchini Japani, walilifikisha wazo hili mbali: kuna mawe 15 juu ya changarawe iliyochanwa kwa reki, lakini popote utakapoketi kwenye baraza ya kutazamia, angalau jiwe moja linakuwa limejificha nyuma ya jingine.

Kokoto zikitumika njiani, kina cha sentimita 5 kinatosha. Ukizidisha, mguu unazama na mkokoteni hausogei. Chagua zenye kingo kali, za milimita 10 hadi 20, kwa sababu hushikana. Zile za mviringo kutoka mtoni zinapendeza machoni lakini huteleza chini ya kiatu kila hatua. Chini yake shindilia kifusi cha mawe, sentimita 10, kisha tandika kitambaa kinachopitisha maji. Bila kitambaa hicho kokoto huzama kwenye udongo mvua ikinyesha, na udongo nao hupanda juu. Njia ya vibamba au matofali iwe na mteremko mdogo kuelekea pembeni, sentimita 2 kwa kila mita. Jicho haliuoni mteremko huo, lakini maji yanauona.

Ngazi za bustani zina hesabu yake, na mguu huitambua hata kama mwenye mguu hajui kitu. Chukua kimo cha kidato, zidisha kwa mbili, jumlisha na upana wa pale mguu unapokanyaga. Jibu liwe kati ya sentimita 60 na 65. Kidato cha kimo cha 15 kinahitaji upana wa karibu 33. Kwenye bustani ni bora kidato kiwe kifupi na kipana kuliko cha ndani ya nyumba, tuseme kimo cha 12 kwa upana wa 40, kwa sababu hapa mtu hana haraka. Kosa baya kuliko yote ni kidato kimoja kutofautiana na wenzake, hasa cha mwisho chini, ambacho mara nyingi hupungua au kuzidi baada ya udongo kushuka. Hapo ndipo watu hujikwaa.

Uzio wa mimea ukiwa umekatwa vizuri ni ukuta unaopumua. Siri yake ni kuwa mpana chini na mwembamba juu: kwa mfano sentimita 60 kwenye udongo na 45 kileleni. Ukiukata wima kabisa, au mbaya zaidi ukauacha unenepe juu, kivuli cha kilele hulala juu ya matawi ya chini, majani yanakosa mwanga, na baada ya muda unaona miguu mikavu iliyo tupu. Ukifikia hapo, kumwagilia au kuweka mbolea hakusaidii; inabidi upunguze kilele na mbavu ili mwanga ufike chini tena. Kabla ya kukata funga uzi kati ya vigingi viwili na uupime kwa pima maji. Jicho peke yake hufuata mteremko wa ardhi bila wewe kujua.

Sasa majani, ambayo kwangu ndiyo moyo wa bustani. Jani kubwa la mgomba au la kana husimama peke yake kama tamko. Jani la kangaga limekatwakatwa vipande vidogo, linakusanya mwanga na kivuli katika sehemu ileile. Mshubiri una ncha kali zinazoelekea juu, na nyasi ndefu za mapambo huinama. Ukiweka mimea minne yenye majani ya ukubwa mmoja na umbo moja pamoja, hata kama kila mmoja ni wa thamani, jicho linateleza juu yake bila kushika chochote. Weka jani pana kando ya jani jembamba, linalong'aa kando ya lisilong'aa, na kila moja linamfanya mwenzake aonekane. Lakini kiasi ni muhimu: kwa kila mmea mmoja wenye umbo la kushtua, weka mingi iliyotulia kuuzunguka. Tuta lenye mishubiri, mikadi na kana tu linapiga kelele.

Roberto Burle Marx, mbunifu wa bustani wa Brazili aliyekuwa mchoraji pia, aliitumia mimea kama rangi kwenye turubai. Hakupanda mmoja mmoja wa kila aina. Alipanda aina moja kwa eneo kubwa, kisha aina nyingine kubwa kando yake, na mpaka kati yao ukawa mstari uliochorwa. Fundisho hilo linafaa hata kwa tuta la mita tatu. Nunua miche saba ya aina moja badala ya mmoja mmoja wa aina saba. Kisha rudia: mmea ule ule ukionekana tena baada ya mita nne au tano, jicho linaruka kutoka hapa hadi pale na bustani nzima inashikana. Bustani za wapenda mimea, wale wanaoleta nyumbani kila kinachowavutia, mara nyingi hukosa kitu hiki kimoja tu.

Upana wa tuta nao husahaulika. Kamba ya maua ya sentimita 50 kando ya ukuta haiwezi kupendeza hata upande nini, kwa sababu hakuna nafasi ya mbele, kati na nyuma. Mita moja na nusu ndiyo mwanzo. Mbili na nusu ndiyo raha. Mmea mrefu kuliko yote usizidi nusu ya upana wa tuta: tuta la mita tatu linabeba kichaka cha mita moja na nusu bila kuonekana kinaanguka mbele. Na acha kinjia cha sentimita 45 nyuma, kati ya mimea na ukuta. Hakionekani na mtu, lakini ndicho kinachokuwezesha kupogoa bila kukanyaga ulichopanda.

Kuna mwanga wa kuangaliwa kwa makini, na huo hauonekani saa sita mchana. Simama upande wa mashariki wa kichaka cha kana chenye majani ya zambarau, jua likiwa limeshuka upande wa pili. Mchana jani lile lilikuwa jeusi jeusi, zito, halina habari. Jua likipita ndani yake linageuka jekundu kama kioo cha rangi, mishipa inaonekana mmoja mmoja ikitoka kwenye uti wa katikati kuelekea ukingoni, na kama kuna jani jingine nyuma yake, kivuli chake kinachoreka juu ya hili la mbele. Masuke ya nyasi hufanya hivyo hivyo, yanawaka pembezoni. Kwa hiyo kama watu huketi jioni, mimea ya namna hii ipandwe magharibi ya kiti. Ikipandwa mashariki, jioni itaonekana bapa tu, na utashangaa mbona kwa mwenzako ilipendeza.

Kuhusu rangi, Gertrude Jekyll, mbunifu wa bustani wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1843, alisomea uchoraji, na macho yake yalikuwa mabovu sana. Pengine ndiyo sababu aliona rangi kwa mafungu badala ya ua moja moja. Tuta lake kuu, la karibu mita 60, lilianza kwa buluu, kijivu na weupe, likapanda kwenye njano, likafika kwenye rangi ya chungwa na nyekundu katikati, kisha likashuka tena taratibu hadi rangi za baridi za upande wa pili. Mpangilio huo una kazi: rangi za moto huja mbele, za baridi hurudi nyuma. Ukitaka bustani fupi ionekane ndefu, nyekundu iwe karibu na wewe na buluu iwe mwisho. Ukifanya kinyume chake, ukuta wa mwisho unakusogelea.

Ukuta wenyewe una rangi pia. Jacques Majorelle, mchoraji Mfaransa aliyetengeneza bustani yake Marrakech nchini Moroko, alipaka kuta buluu kali, na midungusi iliyosimama mbele yake ikaonekana kana kwamba imechongwa. Si lazima kuwa na buluu ile. Ila ukuta mweupe kabisa penye jua kali huumiza macho na kuifanya mimea ionekane nyeusi; rangi ya udongo, kijivu cha wastani au kijani kilichokolea huiacha mimea iongee. Bogenvilia ya zambarau juu ya ukuta wa matofali mekundu ni ugomvi. Juu ya rangi ya mchanga inatulia.

Maji yanahitaji muda zaidi, kwa sababu hapa makosa huonekana mara moja. Bwawa la kuakisi mandhari linataka mambo matatu: sakafu nyeusi, maji yaliyotulia, na uso wa maji ulio karibu kabisa na ukingo. Sakafu ya buluu au nyeupe huonyesha chini, na jicho likiona chini halioni mbingu. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya ukingo, unaona kuta za bwawa badala ya taswira. Katika Uwanja wa Mihadasi, ndani ya Alhambra, kasri la kale huko Granada nchini Hispania, maji huingia kupitia visahani vya chini kwenye ncha mbili, yanapunguzwa kasi kabla ya kufika bwawani, na mnara wa Comares unalala juu ya uso wake karibu bila kutikisika. Kando kuna mistari miwili ya mihadasi iliyokatwa, basi. Hakuna kilichoongezwa, na hakuna kinachokosekana.

Kwa anayetaka kuchimba la kwake: ukingo wote lazima uwe usawa mmoja. Maji hayadanganyi, tofauti ya sentimita moja tu itaonekana, upande mmoja maji yamegusa jiwe na upande wa pili turubai, ile inayotandikwa ndani ya shimo kuzuia maji yasipotee, iko wazi. Tumia mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, ujaze maji, na ulinganishe ncha zake mbili kuzunguka ukingo. Kupata ukubwa wa turubai, chukua urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, kisha ongeza sentimita 60 za kukunjia. Fanya vivyo hivyo kwa upana. Bwawa la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 linataka turubai ya mita 4.8 kwa 3.8. Mawe ya ukingoni yatokeze sentimita 5 juu ya maji. Hapo unapata mstari mwembamba wa kivuli unaoficha turubai, na bwawa linaonekana limekuwepo siku zote. Ukijenga kwa zege, usitie samaki haraka: chokaa hutoka kwenye saruji na kuyaharibu maji. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mara chache, au paka dawa ya kuziba.

Kama ni maji ya kuruka, kimo chake kisizidi umbali kutoka kwenye tundu hadi ukingo, na penye upepo kiwe nusu ya hapo. La sivyo bwawa linakauka huku njia ikiota ukungu.

Mayungiyungi hayapatani na maji ya kuruka. Majani yake hupumulia upande wa juu, yakilowa kila mara huoza. Yanataka utulivu na jua la saa tano au sita kwa siku. Mchoraji Claude Monet alipochimba bwawa lake Giverny, nchini Ufaransa, kuanzia mwaka 1893, aliyaleta maji kutoka kijito cha jirani, lakini bwawa lenyewe likabaki tulivu. Panda kwenye kikapu chenye udongo mzito wa mfinyanzi bila mboji, maana mboji huelea na kulisha mwani, kisha funika juu kwa changarawe. Mche mchanga uuweke kwenye kina kifupi, sentimita 15 za maji juu yake, uushushe polepole kadiri shina la jani linavyorefuka. Na yazuie yasifunike zaidi ya nusu ya uso. Bwawa lililofunikwa lote ni shamba la majani tu. Uzuri uko kwenye ile nafasi tupu ambapo wingu linapita kati ya majani mawili. Samaki wadogo wachache watakula viluwiluwi vya mbu.

Kiti kiwe na mgongo uliolindwa na kitu cha kutazama. Benchi lililowekwa katikati ya nyasi halikaliwi, lile lililoegemezwa kwenye uzio au chini ya pagola, yaani fremu ya nguzo na boriti inayotambaliwa na mimea, hukaliwa kila siku. Pagola iwe na kimo cha mita 2.4 au zaidi, kwa sababu mimea itaning'inia sentimita 30 hivi, na upana wake uzidi kimo, vinginevyo inafanana na korido. Yasmini na maua mengine meupe yenye harufu yawe karibu na hapo: weupe ndio rangi ya mwisho kupotea giza likiingia, na harufu yake huongezeka usiku. Lakini harufu inataka mahali palipozibwa kidogo. Penye upepo wa wazi inakwenda kwa jirani.

Ukingo wa nyasi ni kitu kidogo kinachotofautisha bustani iliyotunzwa na iliyoachwa. Mstari mmoja wa matofali kati ya nyasi na tuta, yaliyolazwa sentimita moja au mbili chini ya usawa wa ukoka, unawezesha mashine ya kukatia nyasi ipite juu yake gurudumu moja likiwa kwenye tofali. Hakuna kukata kwa mkasi, na mimea ya mbele inalala juu ya tofali badala ya kuua nyasi.

Na nafasi. Hapa ndipo bustani nzuri nyingi huharibika, si mwaka wa kwanza bali wa nne. Mche mdogo unadanganya. Uliza upana wake ukikomaa, chukua nusu ya huo, jumlisha na nusu ya upana wa jirani yake: kichaka kitakachofika mita 2 na kingine cha mita 1 wakae mita 1.5 kutoka katikati hadi katikati. Kutoka ukutani, nusu ya upana na sentimita 30 za hewa. Mapengo ya mwanzo yajazwe na maua ya msimu na matandazo ya sentimita 5 hadi 7, yasigusane na shina kwani gome huoza. Kama vichaka tayari vimebanana, usivinyoe juu kama mpira. Vitafunga zaidi nje na kukauka ndani. Kwa vichaka vinavyochipua kutoka shinani, kata moja ya tatu ya mashina, yale mazee zaidi, kutoka chini kabisa, baada ya maua kuisha. Mwaka unaofuata kata theluthi nyingine, na wa tatu iliyobaki. Kichaka kinabaki na umbo lake wakati wote, na mwanga unashuka tena hadi kwenye udongo, ambapo kangaga zinaweza kupandwa.